Kitabu chako kimetoka: ukumbini, barazani, redioni au kwenye kijitabu?

Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Mombasa imekuwa kusikiliza mahojiano ya watafiti na kuyaandika neno kwa neno, pamoja na vikohozi na vicheko vyake. Nimeandika sauti za manahodha, za makungwi, za walimu wa vyuo vya Kurani, za wachuuzi wa Kongowea na za makuli wa Kilindini. Miaka mitatu minne ikipita, mtafiti hupiga simu: kitabu kimetoka. Yeye hufurahi, nami hufurahi naye. Halafu huja swali: "Nikija Mombasa, niwaambieje watu yaliyomo?"

Ni swali la haki kabisa. Kitabu cha kitaaluma kinachochapishwa Uingereza au Marekani, hasa chenye jalada gumu, mara nyingi bei yake hupita dola 100, na Kiingereza chake ni cha wasomi kwa wasomi. Mzee aliyetoa saa mbili zake kueleza jinsi jahazi linavyopakiwa hawezi kukinunua, na akipewa bure lugha yake humshinda. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, humtaka mtafiti awasilishe ripoti ya mwisho, lakini ripoti ile haifiki Kibokoni wala Majengo. Kwa hiyo ni juu ya mwandishi mwenyewe kuchagua njia ya kuyarudisha mawazo yake kwa watu alikoyapata. Nimeziona njia nne zikitumika, na katika zote nimekuwa mkalimani. Nazilinganisha hapa kwa maswali mawili: nani atasikia, na aliyesikia ataweza kujibu? Gharama nitazitaja, ila si kwanza.

Kitabu kimoja, mikao miwili

Ukumbi na baraza nitavisema pamoja, kwa sababu niliviona vyote viwili katika juma moja, kwa kitabu kimoja.

Kitabu chenyewe kilihusu majahazi na biashara ya Mombasa na Uarabuni. Mwandishi wake, kijana mpole na mchapakazi, alizinduliwa kitabu ukumbini. Viti vilipambwa, bango likatundikwa, wageni wa heshima wakakaa mbele. Akazungumza dakika 50 kwa Kiingereza, picha zikipita ukutani. Safu ya nyuma alikaa mmoja wa wazee aliowahoji, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Mzee aliinua mkono mara moja. Mshereheshaji akasema muda umekwisha, tupige picha, kisha sambusa na sharubati. Walipompa nakala yake aliifungua penye picha ya Bandari ya Kale, akaniuliza, "Mimi niko wapi humu?" Nikamtafutia ukurasa. Maneno yalikuwa yake, jina lilikuwa la kubuni, kama taratibu za utafiti zinavyotaka. Nikamweleza sababu. Akatikisa kichwa, akakifunga kitabu.

Siku mbili baadaye, baada ya Isha, nilimchukua mwandishi hadi kwenye barza ya mzee yule Mji wa Kale. (Kwetu twaita barza, benchi la mawe mbele ya nyumba, na watu wanaokaa hapo pia ni barza.) Dele la kahawa tungu lilikuwa limeshafika, kashata kwenye sahani. Mzee hakungoja utangulizi.

"Haya mwanangu, hicho kitabu chako chasemani?"

Mwandishi akaanza: kitabu changu kinajaribu kutathmini upya mitazamo iliyopo kuhusu...

"La. Chasemani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sentensi moja, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aanze kukiandika: "Nasema meli za moshi na bandari mpya ya Kilindini ndizo zilizoua biashara ya majahazi."

"Meli za moshi zalikuja babangu hajazawa," mzee akajibu. "Nami nalipakia boriti pale Bandari ya Kale mpaka mwaka 1982, serikali ilipokataza mikoko kuuzwa nje. Jahazi laja na tende na mazulia wakati wa kaskazi. Kusi likivuma larudi na nini, ikiwa boriti hamna?"

Mwingine pembeni akaingilia: hata kabla ya marufuku, Waarabu walishapata mafuta, wakajenga kwa saruji na chuma, boriti zikapungua thamani. Wa tatu akasema nyote mwasahau ushuru. Mazungumzo yakaenda mpaka saa tano usiku. Mwandishi hakuonekana kuumia hata kidogo, alikuwa akiandika kwenye daftari kama mwanafunzi.

Usiku ule ndipo nilipoanza kulinganisha njia hizi kwa makini. Ukumbini wazo la kitabu lilipigiwa makofi, likabaki lilivyokuja. Kwenye barza liliguswa, likapatikana na kasoro, likaongezwa sababu mbili ambazo mwandishi alikuwa nazo ndani ya mahojiano yake mwenyewe bila kuzipa uzito. Zilikuwa kwenye kurasa nilizomwandikia mimi. Nilizikumbuka.

Haki ya ukumbi

Hata hivyo sitaki kuudharau ukumbi. Yapo mambo ambayo barza haiwezi kuyabeba. Kitabu chenye ramani, hesabu za samaki, michoro ya mikondo ya maji au vifungu vya sheria ya ardhi hakielezeki gizani kwa mdomo mtupu. Ukumbini huja wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Pwani kutoka Kilifi, waandishi wa habari na maofisa wa kaunti, na hao ndio wenye uwezo wa kulichukua wazo wakalifanyia kazi. Vitabu huuzwa. Picha hutoka gazetini. Kwa mwandishi anayetafuta kupandishwa cheo chuoni, hilo nalo lina uzito.

Na ikiwa kitabu ni cha akiolojia au historia ya mji, Mombasa ina bahati ambayo miji mingi haina. Ukizungumza ndani ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na ambayo Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, msikilizaji anaweza kunyoosha mkono akagusa unachokisema. UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2011, na Makumbusho ya Taifa ndiyo yanayoitunza. Niliwahi kumwona mtafiti wa mawe na chokaa akiacha jukwaa katikati ya hotuba, akawatoa watu wote nje mpaka ukutani, akawaonyesha tabaka kwa tabaka. Watoto wa shule walimfuata mpaka lango.

Ukichagua ukumbi basi, fupisha. Dakika 20 zatosha. Sema Kiswahili, hata kama chako kina lafudhi ya mbali, watu watakusaidia neno likikupotea. Uliowahoji wakae safu ya mbele, na swali la kwanza liwe lao, kabla ya la mheshimiwa yeyote. Kodi ya ukumbi, vipaza sauti, viti na vitafunio vitakula pesa, na ndiyo maana wengi huombea fedha kwa wafadhili wa utafiti tangu mwanzo. Ukisahau kuliweka fungu hilo kwenye bajeti ya kwanza, baadaye ni shida kulipata.

Mipaka ya barza

Barza haina kodi, ila ina adabu zake, na ukizivunja utabaki na kahawa yako. Huendi mwenyewe, unapelekwa na mwenyeji. Siku ya kwanza hakuna kamera wala kinasa sauti. Wazee husema kwanza. Katika Ramadhani watu hukusanyika baada ya Tarawehe, na huo ndio wakati mzuri kupita wote, kwa sababu hakuna mwenye haraka. Usiku wa mechi kubwa usijaribu.

Kila barza pia ina watu wake. Ipo ya siasa, ipo ya dini, ipo ya mpira, na ukikaa kwenye moja wengine watajua umekaa wapi. Msikilizaji wako hapo ni kumi, kumi na tano. Tena, hili ni kubwa, ni wanaume. Nusu ya mji haimo.

Mwandishi aliyehoji wanawake akidhani amewarudishia kitabu kwa kuzungumza barzani, hakuwarudishia chochote. Wanawake wa Mombasa wana mikusanyiko yao: vyama vya kuchangiana, madrasa za akina mama, vikao vya mchana ndani ya nyumba baada ya kazi za jikoni. Huko mtafiti mwanamke huingia kwa urahisi. Mwanamume atafute mwenzake wa kike aliyeshiriki utafiti, amwachie jukwaa kabisa, asikae mlangoni akisahihisha. Nimeona kikao kimoja cha namna hii, juu ya kitabu cha unyago na ndoa. Mabishano yalikuwa makali kuliko ya barza yoyote ya wanaume, na bibi mmoja aliimba wimbo mzima kuonyesha kwamba mwandishi aliunukuu nusu.

Redioni

Hapa idadi inageuka. Sauti yako inaingia kwenye matatu ya Kisauni, kwenye tuktuk, kwenye duka la Likoni, na jikoni, ambako barza haifiki. Mombasa ina Pwani FM ya KBC, Radio Rahma, Baraka FM na Radio Salaam, na zote zinazungumza Kiswahili ambacho watu wa hapa wanakielewa.

Mji huu una mfano mkubwa wa msomi aliyeyapeleka mawazo hewani. Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alitoa mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 1979, mihadhara sita ya redio juu ya hali ya Afrika. Mwaka 1986 akatokea kwenye runinga na mfululizo wa vipindi tisa ulioambatana na kitabu. Watu ambao hawangefungua kamwe kitabu cha sayansi ya siasa walilijua wazo lake kwamba Afrika imerithi mambo matatu: ya asili yake, ya Uislamu na ya Magharibi. Lilisemeka kwa pumzi moja, ndiyo sababu lilisafiri. Alifariki mwaka 2014 akazikwa hapahapa, kwenye makaburi ya Wamazrui karibu na Ngome.

Sisi wengine hatupewi vipindi tisa. Tunapewa dakika 20 na matangazo ya biashara katikati, na mtangazaji ambaye hajapata nafasi ya kukisoma kitabu. Usimlaumu, mpe karatasi moja siku mbili kabla, yenye wazo, kisa kimoja na maswali matatu ambayo ungependa akuulize. Ukiingia studio bila kisa utaishia kusema "utafiti wangu unaonyesha" mara kumi. Msomi mmoja niliyemsindikiza alianza kwa kueleza nadharia, na simu hazikuita. Alipotaja bei ya nazi na jina la shamba, zikaanza kuita mfululizo.

Simu zile ndizo jibu la wasikilizaji, lakini si sawa na jibu la barza. Mpigaji ana nusu dakika. Akikupinga huwezi kumuuliza alijuaje. Wewe nawe hukumbuki aliyesema nini, labda uombe nakala ya kipindi, na uiombe siku ileile.

Kuna vitabu ambavyo singevianzia redioni kamwe. Kitabu kinachogusa ardhi ya Pwani, au nani mwenyeji na nani mgeni, au nani anahesabiwa katika Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na yupi ni wa Miji Mitatu au wa Miji Tisa ndani yake, kikisemwa moja kwa moja hewani sentensi moja inaweza kukatwa ikazungushwa kwenye simu za watu usiku kucha. Mwaka wa uchaguzi ndiyo usiseme. Kitabu cha namna hiyo kipitishe barza tatu nne kwanza, uyasikie malalamiko yote, ndipo uende studio ukijua ni neno gani litamchoma nani.

Na sauti za WhatsApp, video za simu? Zinasaidia kama nyongeza. Dakika tano, wazo moja, sauti safi. Vijana watasikiliza hapo kabla ya kusikiliza redio. Ila usianzie hapo, kwa kuwa haijulikani ilikofika wala aliyejibu ni nani.

Kijitabu cha Kiswahili

Hii ndiyo njia ndefu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, wakayachapisha kwa Kiingereza mwaka 1989. Strobel alikuwa tayari ameshaandika kitabu cha kitaaluma juu ya wanawake Waislamu wa mji huu, kilichotoka mwaka 1979, chenye habari za vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake. Wangeweza kuishia hapo. Badala yake mwaka 1991 yale maisha yakatoka kwa Kiswahili, lugha ambayo wanawake wale walisimulia. Kwangu mimi, hakuna heshima kubwa zaidi ambayo mtafiti amewapa watu aliowahoji. Maneno yalirudi yalivyotoka, na mjukuu wa msimulizi anaweza kuyasoma leo.

Ukirudi nyuma zaidi, babake Ali Mazrui, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937, alikuwa mwanachuoni wa vitabu vizito. Lakini mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 akafuata Al-Islah, akiandika kwa Kiswahili makala fupi za kusomwa na mtu wa kawaida baada ya kazi. Gazeti moja lilisomwa na mmoja likasikilizwa na kumi. Baba alichagua karatasi, mwana akachagua mawimbi, na wote wawili walijua kwamba kitabu peke yake hakitembei.

Kijitabu hakihitaji kuwa tafsiri ya kitabu kizima. Kurasa 30 zatosha, hata 16. Chukua sura moja yenye watu ndani yake, uiandike upya, usiifasiri. Hapo ndipo utakapogundua kama wazo lako lina miguu. Maneno mengi ya kitaaluma hayana mwenzake wa moja kwa moja, na kazi ya kumtafuta mwenzake ni sehemu ya kufikiri. Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa lugha aliyeishi Mombasa, ndiye aliyetupa neno runinga. Hakulitohoa kutoka Kiingereza, alilitafuta ndani ya Kiswahili chenyewe. Mwandishi akikwama kwenye neno, namshauri alipeleke barzani kabla ya kulipeleka kwenye kamusi. Mtafiti mmoja alihangaika miezi na neno "utambulisho". Bibi aliyemhoji akamwambia, "Wataka kusema mtu ajiona ni wa wapi, na watu wamwona ni wa wapi. Si kitu kimoja hicho, ni viwili." Sura nzima ikapangika upya.

Gharama yake ni uhariri, kupiga chapa na muda. Mchapishaji wa ng'ambo lazima atoe ruhusa, na ruhusa hiyo huombwa kirahisi zaidi kabla ya kutia sahihi mkataba kuliko baada yake. Nalisisitiza hili kwa sababu nimemwona mwandishi akizuiwa kuchapisha kwa Kiswahili maneno ambayo yalisemwa kwa Kiswahili, kwa kuwa haki zote alishazitoa. Mkataba ukiwa bado mezani, omba mstari mmoja tu: haki za Kiswahili zibaki kwako.

Ningechagua vipi

Kitabu kilichojengwa kwa maneno ya watu, yaani historia simulizi, dini, desturi, maisha ya nyumbani: barza na vikao vya akina mama kwanza, kijitabu baadaye, ukumbi ukipenda. Kitabu cha sera, bandari, afya au bahari, ambacho unataka watu wachukue hatua: redio, na ukumbi kwa wenye madaraka, wiki ileile, ili mmoja akiulizwa na mwananchi awe ameshasikia. Kitabu cha nadharia tupu kisichomtaja mtu wa Mombasa hata mmoja: chuoni kwa wanafunzi, na hakuna ubaya. Mwenye pesa za njia moja tu aziweke kwenye kijitabu, kwa sababu barza haitaki pesa, yataka subira.

Na asiyeweza kukaa Mombasa zaidi ya siku tatu aache ukumbi kabisa. Siku tatu ni barza mbili na kipindi kimoja cha redio.

Yule mwandishi wa majahazi ameniletea juzi kurasa 24 za Kiswahili. Sura ya boriti imeandikwa upya, na sasa meli za moshi ni aya moja tu. Amenitaka niipitie kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Nimemwambia aongeze ukubwa wa herufi, macho ya mzee yamepungua tangu mwaka jana. Ijumaa baada ya Alasiri nitakwenda kumsomea kwa sauti, kurasa zote, na kalamu nitaichukua.